Somo la hiari: Utamaduni wa Picha na Nadharia, au Animesheni? Fomu yafungwa Ijumaa

Mchoraji_Langoni
Asalaam aleikum nyote. Mimi nasomea uchoraji wa vitabu na mabango, sasa nko Amu (Lamu) likizo. Semesta ijayo lazima nichague somo moja la hiari na fomu yafungwa Ijumaa saa sita mchana. La kwanza laitwa Utamaduni wa Picha na Nadharia ya Uhakiki, ni la kuchambua picha zajenga maana vipi, la pili Animesheni. Babangu asema nadharia ni maneno matupu, mwalimu wangu wa uchoraji asema nikiikosa ntajuta. Waliosoma moja kati ya haya liliwafaa vipi? Nisaidieni tafadhali.

Ami_Mkomani
Wa aleikum salaam mwanangu. Umeuliza vizuri lakini umetunyima mambo mengi. Uko mwaka wa ngapi? Ukimaliza wataka kuchora nini, vitabu vya watoto, katuni za gazeti, matangazo? Hiyo nadharia ni mtihani au insha? Na laptopu unayo? Bila haya kila mtu hapa atakujibu la kwake tu.

Malindi_Pikseli
Animesheni, wala usijisumbue. Nko Malindi mwaka wa sita huu naishi kwa kuchora na kazi zinazolipa ni zile picha inatembea, tangazo la hoteli, la duka, la harusi hata. Hakuna klayenti aliyewahi kuniuliza nimesoma nadharia gani. Mimi niliisoma semesta nzima, tukapewa insha ya 1937 ya Horkheimer, mwanafalsafa wa Ujerumani, hiyo ndio ilitoa jina la nadharia ya uhakiki, nikasoma kurasa za mwanzo mara nne na sikuchora kitu wiki mbili. Mkono wa mchoraji ukilala unakufa ganzi dada yangu.

Mwalimu_wa_Shela
Kaka Pikseli, walikuanzishia pagumu, hapo nakuhurumia kwa kweli. Mchoraji aanzishwe na picha. Mimi wanafunzi wangu nawaanzisha na Barthes, mhakiki Mfaransa, 1964 alichukua tangazo moja la tambi za Panzani akalifumua kipande kipande. Kuna kikapu cha wavu, nyanya, kitunguu, pilipili, na rangi za bendera ya Italia. Akauliza, mbona Mfaransa akiona hivi anahisi Italia, na tambi zenyewe zatengenezwa Ufaransa? Jibu ni kwamba ile Italia imepangwa na mtu, kitu baada ya kitu. Sasa chukua postikadi yoyote ya Amu uiweke mezani. Punda, mlango wa nakshi, tanga, mwanamke wa buibui anapotea kwenye kona ya kichochoro. Nani alichagua hivyo vinne? Mbona hamna jenereta, hamna pikipiki, hamna mtoto na sare ya shule? Mchoraji asiyejiuliza hilo atachora ile postikadi maisha yake yote akidhani anachora kwao.

Mchoraji_Langoni
Shukran sana. Ami, niko mwaka wa pili. Nadharia ni insha mbili, hakuna mtihani. Nataka kuchora vitabu vya watoto vya huku kwetu, hadithi za pwani, nadhani. Laptopu ni ya ndugu yangu, RAM yake GB 4.

Malindi_Pikseli
GB 4 kwa animesheni haiendi, itakwama ukianza tu. Hilo ungesema mwanzo!! Tafuta ya GB 16, hata ya mitumba.

Mkono_wa_Kushoto
Sijibu swali moja kwa moja lakini nisomeni. Miaka mitatu iliyopita nilipata kazi ya kuchora ukuta wa hoteli moja, siitaji jina. Wakataka "maisha ya Lamu". Nikachora punda na shogi zimejaa mchanga, nyuma yake mzee anamswaga, nyuma kabisa ukuta wa matumbawe. Mzee mwenyewe ni mtu ninayemjua, anapita pale kila asubuhi, nilimpiga picha kwa simu kutoka dirishani bila kumwambia nikaitumia. Siku tisa nikachora. Yule punda nilimpenda, nilimchora kope moja moja kwa brashi nyembamba kabisa, nikamtia doa jeupe kwenye mboni ndio jicho likawa hai, na puani nikamtia unyevu. Mzee nikamwachia kivuli cha kofia tu, chini yake baka la kahawia, hana jicho hana mdomo. Niliona panapendeza hivyo. Wageni wakapiga picha pale kila siku, nikalipwa vizuri, nikafurahi.

Siku moja mzee akaletwa na mjukuu wake aone. Alisimama muda mrefu, mimi nasubiri aseme mashallah. Akasema, "Mwanangu, punda umempa mato (macho). Mimi hukunipa." Akaondoka, hakugomba, hakudai kitu. Nilimwomba meneja aniruhusu nirudi nimchore uso kwa rangi yangu mwenyewe, bila malipo, akakataa, ati wageni wameizoea ilivyo. Mpaka leo iko hivyohivyo na mimi ile njia sipiti.

Ami_Mkomani
Pole sana. Lakini hilo ni la adabu mwanangu, halikungoja nadharia. Mtu humchori bila kumwomba. Bibi yangu hakusoma na angekwambia.

Mkono_wa_Kushoto
Ami kwa heshima zote, adabu nilikuwa nayo. Huyo mzee nilimwamkia kila siku na yeye akinijua mimi mwana wa fulani. Na mkono bado ulichora baka. Nimekaa nikawaza nilijifunza wapi kumchora mtu wetu bila uso, nikaona ni mapicha mia na kitu ya pwani niliyokulia nayo, vitabu vya wageni, kalenda, kuta za hoteli nyingine, sisi ndani yake ni vivuli vya kupendezesha mlango. Nyumbani nilifunzwa kuamkia mtu, hakuna aliyenifunza kuiuliza picha imechorwa kwa ajili ya jicho la nani. Hilo nimelikuta baadaye kwa hao watu wa nadharia, kazi ishaharibika.

Mwalimu_wa_Shela
Hapo umesema yote ninayoyasema darasani kwa wiki kumi. Edward Said aliandika hayo 1978 katika kitabu chake Orientalism, kuhusu vile Ulaya ilivyoichora Mashariki, na jalada lake likawekwa mchoro wa Gérôme, mchoraji Mfaransa, mtoto na nyoka mbele ya wanaume waliokaa chini ya ukuta wa vigae vya buluu. Ukiuangalia ule mchoro kisha uangalie kuta zetu, utashtuka.

Kanga_Mbili
Mimi shida yangu ni moja, mbona wote ni Wazungu? Sisi tuna kanga na jina lake, tuna misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, iliyopambwa kwa nyekundu, njano na nyeusi, tuna vidaka vya chokaa ukutani. Nadharia yetu sisi iko wapi kwenye hiyo silabasi?

Mwalimu_wa_Shela
Si wote dada. Said alizaliwa Jerusalem, Mpalestina. Stuart Hall, mtaalamu wa utamaduni, alizaliwa Kingston, Jamaika, 1932, na ndiye aliyesema 1973 kwamba mtumaji ana maana yake na mtazamaji anaweza kuikubali, kuikubali nusu nusu, au kuipinga kabisa. Yule mzee alipinga. Lakini la misahafu ya Siyu nakuunga mkono, hilo liingizwe, na wa kuliandikia insha ni nyinyi.

Malindi_Pikseli
Mkitaka mfano wa kwetu basi Malindi tunao. 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga, kule wakamwona ni qilin, mnyama wa ngano zao wa kuleta heri. Mnyama ni yuleyule, macho ndio mengine. Na hilo nililijua bila insha!! Dada chukua animesheni, hiyo nadharia soma mwenyewe usiku. John Berger, mhakiki wa sanaa, ana vipindi vinne vya televisheni vya 1972, Ways of Seeing, kila kimoja nusu saa, lugha nyepesi, unamaliza kwa usiku mmoja.

Mkono_wa_Kushoto
Kusoma peke yako si sawa na kukaa na watu kumi na wakakubishia mchoro wako mbele yako. Mimi ndicho nilichokosa.

Jahazi_Matondoni
Mnazungumza macho na hakuna aliyetaja jicho la jahazi. Sisi hatushushi chombo majini bila macho mawili mbele, kulia na kushoto, duara la mbao na mwezi na nyota. Wazee wasema chombo kione njia.

Kanga_Mbili
Si pambo tu siku hizi? Mtepe ndio ulikuwa na macho hasa, ule wa kushonwa kwa kamba.

Jahazi_Matondoni
Pambo kwa anayelitazama yuko gatini. Mimi nalichonga, nakwambia nahodha akiona limeng'oka hasafiri mpaka litengenezwe. Babangu pia hivyo. Usiniambie pambo.

Kanga_Mbili
Basi samahani fundi, sikukusudia kudharau. Lakini mwezi na nyota si ndani ya lile duara mumeuweka baadaye?

Jahazi_Matondoni
Hilo tukae tuliongee, si la kuandika hapa.

Mchoraji_Langoni
Fundi naweza kuja kuyachora hayo macho? Na wewe ukiwa kazini, ukiniruhusu. Fomu bado sijajaza, babangu ataka tuzungumze leo baada ya isha, na ndugu yangu naye asema laptopu yake haitoki nyumbani.

Jahazi_Matondoni
Karibu mwanangu. Njoo kesho, uwahi maji yakiwa yamejaa manake yakitoka mashua haifiki ufuoni utatembea topeni. Uliza kwenye banda la fundi wa macho.

Ami_Mkomani
Mueleze babako hiyo ya punda kama ilivyo, usiongeze neno.

Bando_Limeisha
Samahani naingilia, nimesoma juu juu. Nina laptopu ya mitumba ya GB 16 nauza, betri yake imechoka kidogo lakini kioo kizima, nko Mokowe. Ni dada gani alikuwa anatafuta?

Malindi_Pikseli
Betri imechoka kiasi gani, inakaa saa ngapi? Na hiyo GB 16 umeongeza wewe au ilikuja nayo?