Mrejesho: Kaka amekubali kwenda hospitali
Wale mlionijibu nilipoeleza kuwa kaka yangu hapa Ngamiani, Tanga, halali usingizi wala hali chakula, na mama anawaficha majirani jambo hilo, ahsanteni sana. Amekwenda. Kilichomzuia si nauli, ni lile neno Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Huku ukitaja daktari wa akili tu, watu wanakuona umeshafungiwa Dodoma na dada zako hawaposwi tena. Inaniuma mno. Mjomba ndiye aliyempata: "Twende ukaangaliwe huo usingizi, mwanangu."

Daktari kasema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kisomo cha mama, yaani dua za kumsomea, hakukikataza, ila dawa huchukua wiki kadhaa kuonesha nafuu, na asiikatishe mwenyewe. Leo wiki ya tatu. Jana kamaliza sahani ya wali, mama akaingia chumbani kulia.