Mtwara: Nimepewa notisi ya kuhama kisa nacheza mchezo wa dadu peke yangu chumbani. Hii ni haki?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie. Wale wa "fupisha uzi" piteni tu, nyuzi nyingine zipo.

Mimi ni mpangaji hapa Mtwara mjini, maeneo ya Chikongola. Nafanya kazi ya kupokea na kupima korosho ghalani, na msimu ukishaisha mtu unabaki na jioni ndefu hujui uzifanyie nini. Sinywi, sibeti, mpira naangalia Simba ikicheza tu. Burudani yangu ni mchezo wa mezani wa hadithi za anga za mbali, unaitwa Traveller. Jana mama mwenye nyumba kaniletea karatasi kwamba mwisho wa mwezi niwe nimeondoka. Sababu aliyoitoa mbele ya mjumbe: napiga ramli ndani ya nyumba yake.

Ramli! Na kodi ya miezi sita nimelipa juzi juzi tu, hela hataki kurudisha, eti imeshaingia kwenye bati.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: hakuna ubao wala kete za kusogeza. Kuna daftari, penseli na dadu mbili za pande sita, zile zile za ludo. Unamtengeneza mhusika, unampa chombo cha kusafiria kati ya nyota, halafu kila jambo lenye mashaka unalirushia dadu. Mambo mengi ukipata 8 kwenda juu umefaulu. Kawaida wanakaa watu kadhaa na mmoja wao anakuwa msimulizi. Ukiwa peke yako, msimulizi ni majedwali na dadu: unajiuliza swali la ndiyo au hapana, unarusha, unaandika kilichotokea, hadithi inasonga. Marc Miller alipoutoa kule Marekani mwaka 1977, vitabu vyenyewe vilitaja kucheza peke yako kuwa mojawapo ya namna za kuucheza. Sikujitungia mimi.

Sasa sikilizeni kilichonifikisha hapa. Usiku mmoja umeme ulikatika, si unajua tena mji wetu huu tunaokalia gesi ya Mnazi Bay tukiwa gizani. Nikawasha mshumaa nikaendelea. Injinia wa chombo changu kapigwa risasi, daktari hatuna, bandari iko wiki moja mbele, maana kwenye mchezo huu kila mruko wa kutoka nyota hadi nyota unachukua wiki nzima hata uwe na haraka ya namna gani. Nikauliza kwa sauti, ndivyo nilivyozoea: "Je, mzee huyu ataiona asubuhi?" Nikarusha. Tano. Hapana. Nikasema, "Basi, kaenda huyo," nikaandika kwenye daftari nikalala.

Kuta za nyumba za kupanga mnazijua. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mzee anaumwa tangu kabla ya mfungo. Alfajiri akafariki. Allah amrehemu, alikuwa mtu mwema sana, na makaburini nilikwenda. Narudi, nakuta kina mama kibarazani wanaongea; kupita mimi tu, kimya. Wote kwa pamoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Dadu mbili zina matokeo 36, na 8 kwenda juu ni 15 tu kati ya hayo. Kwa hiyo "hapana" ndiyo inayotoka mara nyingi, usiku na mchana, aumwe mtu asiumwe. Hii ni hesabu ya kidato cha nne jamani, jini linatokea wapi?

Siku mbili tatu baadaye, mimi nipo kazini, mama mwenye nyumba akaingia chumbani kwangu kwa ufunguo wake wa akiba. Eti anaangalia bati kama linavuja. Bati liko juu, daftari lilikuwa mezani chini ya sahani! Akalibeba, likazunguka mtaa mzima kabla sijarudi.

Ukurasa wa kwanza walioonyeshana ni ramani. Karatasi yote nimeichora vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na kwenye chumba kimoja nimeandika B564779-8. Mama anasema ile ni talasimu. Wakuu, ile ni sayari! B ni daraja la bandari yake ya vyombo vya anga. 5 ni ukubwa, kipenyo kama maili 5,000. 6 ni hewa, unavuta bila barakoa. 4 maana yake maji yamefunika kama asilimia 40. 7 ya kwanza ni watu, makumi ya mamilioni, na 7 ya pili ni kwamba hakuna serikali moja, kila nchi kivyake. 9 ni ukali wa sheria, silaha huruhusiwi kutoka nayo nje ya nyumba yako. 8 ya mwisho ni teknolojia waliyofikia. Alama nane tu na dunia nzima umeshaiona. Mimi nikiiangalia hiyo mistari naburudika kweli, sijui niwaelezeje.

Ila ukurasa uliowatisha ni wa majina. Traveller unasifika kwa hili: mhusika wako anaweza kufa kabla hata mchezo haujaanza. Unamtengenezea historia, tuseme alikuwa jeshini au kwenye meli za biashara, kila muhula wa utumishi ni miaka minne, na kila muhula unarusha dadu kuona kama amenusurika. Kwa kanuni za 1977, ukikosa amekufa, anza mwingine. Kwa hiyo nina orodha ya majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika "kafa". Na majina ni ya kwetu: Somoe, Issa, Hamisi, Zuhura. Nitumie yapi, ya Kijapani? Sasa mtaani hapa nani hana Hamisi kwao? Kila mtu kamwona ndugu yake kwenye daftari langu.

Mjumbe yeye aliganda kwenye mahesabu. "Kijana, hii laki na elfu hamsini na nne na mia tano kila mwezi unampelekea nani?" Shikamoo mzee, namlipa benki ya angani! Chombo kinachoitwa Free Trader, cha tani 200, bei yake ni krediti 37,080,000. Ukikopa unalipa sehemu moja ya 240 kila mwezi kwa miezi 480. Piga hesabu mwenyewe, ni 154,500 kwa mwezi. Miaka 40 ya kausha damu, wakuu. Nusu ya mchezo mzima ni kuhangaika bandari hadi bandari kutafuta mzigo ili usikose rejesho. Nilimweleza yote hayo. Akanitazama, akaniambia ipo Sheria ya Uchawi na inakataza mtu kuwa na vifaa vya uchawi. Naijua ipo, tangu 1928 enzi za Mwingereza, lakini dadu za ludo zinauzwa hadi dukani kwa Mangi!

Haki ya mtu nimpe. Ustadhi wa madrasa ya jirani walimpelekea lile daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema haoni aya, haoni jina la jini, anaona mtu anayependa hesabu. Nilidhani yameishia hapo. Mama akasema ustadhi bado kijana.

Nikaenda kuongea naye kwa adabu. Nilikaa chini kabisa mkekani.

"Mama, huu ni mchezo tu."

"Mchezo gani mwanangu, mtu mzima anacheza peke yake, usiku, na mshumaa, anauliza watu watakufa?"

"Umeme ulikatika mama. Na anayekufa hayupo duniani."

"Ndiyo hapo sasa," akasema. "Hayupo duniani."

Niambieni ungejibu nini hapo.

Kinachoniuma ni unafiki. Kijana wake mwenyewe anashinda kibanda cha kubeti, mkeka ukichanika nyumba nzima tunajua maana anapiga milango. Huyo hajapewa notisi. Wazee wapo chini ya mwembe na bao lao tangu adhuhuri. Bosi wangu ghalani anapanga karata peke yake kwenye kompyuta ya ofisi na tunamwita mchapakazi. Mimi sijaweka hata shilingi mia mezani, sijamwamsha mtu, naambiwa mchawi.

Na msije hapa na "tafuta marafiki". Marafiki ninao. Nilishawaita waje tucheze, wakaja, wakala pweza wangu, wakauliza mshindi anapata nini. Mchezo huu hauna mshindi, wakaaga. Jamaa wa Dar wanaocheza michezo ya namna hii nao nimewachoka, wao wanasema ukicheza peke yako hujacheza bado, ni kama unaandika insha. Sawa, basi naandika insha. Kuna kosa?

Ninachotaka kwenu ni mambo mawili. Wanasheria mliomo humu, mwenye nyumba anaruhusiwa kumtoa mpangaji aliyelipa miezi sita kamili, asirudishe hela, na kuingia chumbani bila ruhusa? Mkataba tuliandikishana kwa mjumbe huyu huyu. Nianzie wapi, mwenyekiti wa mtaa au baraza la kata?

Pili, mwenye chumba Ligula, Chuno au Shangani, choo cha ndani, kodi isizidi miezi mitatu kwa mkupuo, njoo PM. Kabla hujanionyesha chumba nitakuonyesha daftari, tusije tukalaumiana.

Mods, msiupeleke huu uzi jukwaa la dini. Uacheni hapa hapa kwenye nyumba na viwanja.