Kutoka Moshi kwenda Maziwe na watoto mwezi wa sita, inawezekana?

Mama_Pasua
Habari zenu wadau. Niko Moshi, wanangu wawili wa darasa la nne na la sita hawajawahi kuona bahari kwa macho, shule zikifunga mwezi wa sita nataka niwapeleke Pangani na tufike ile hifadhi ya Maziwe maana picha zake ni mchanga mweupe katikati ya maji basi. Njia naijua, Same, Mombo, Korogwe, Segera mpaka Tanga, hiyo hainisumbui. Kinachonitisha ni boti, watoto hawajui kuogelea na mimi mwenyewe sijui. Nipange jumamosi ipi?

Mpangani_Sakina
Dada yangu, usipange kwa jumamosi, panga kwa mwezi wa angani. Mi kwetu Pangani, Arusha nimefuata kazi. Maziwe ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote. Siku 2 au 3 baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama ndo bamvua, maji yanakupwa sana kama saa nne, saa tano asubuhi, hapo unapata mchanga mpana watoto wakimbie wachoke. Wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa hizo hizo maji ndo yamejaa. Mwaka juzi nilienda na wageni wangu, nahodha akatuchelewesha akisubiri abiria waongezeke, tumefika saa nane mchanga umebaki kama sebule, mara tumesimama maji magotini, kapu la chapati kichwani, mtoto wa dada analia anataka kwao. Tena mwezi wa sita upepo wa kusi umekolea, bahari inachafuka. Nahodha akikwambia leo hapana, kubali, usimwongezee hela akubali.

Njiro_Kwetu
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mwezi wa sita msiufute kabisa jamani. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, na kwa vile maji yanafunika viota, mayai huwa yanahamishiwa ufukweni Ushongo yakafukiwe upya. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai 100 na zaidi, yanakaa kama miezi miwili hivi, na mwezi wa sita vingine vinakuwa vinaanguliwa. Mimi nimeona. Mchanga ulianza kubonyea kidogo kama kuna mtu anapumua chini, kikatoka kichwa, kikatoka kingine, halafu wakamwagika wote pamoja, kila mmoja hazidi kiberiti, wanakimbilia maji. Mwanangu alishika mdomo, hakusema neno mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi. Na hapo huvuki bahari, unavuka mto Pangani tu kwenda upande wa Bweni.

Mama_Pasua
Asanteni sana, hii ya kasa sikuijua kabisa. Na boti ikikubali tubebe nini?

Mpangani_Sakina
Laifu jaketi za saizi ya watoto, ulizia kabla hujatoa hata shilingi, za wakubwa zinawavuka kichwani. Viatu vya kuingia navyo majini, kwenye matumbawe kuna wale wadudu wa baharini wa miiba mirefu myeusi. Maji ya kunywa ya kutosha, kofia na nguo za mikono mirefu maana kule hamna hata kivuli cha kijiti. Zamani palikuwa na mivinje, wazee wetu wanapakumbuka kisiwa cha miti kabisa, maji yakala mchanga mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ikawa imeisha. Na pametengwa kuwa hifadhi tangu 1975, inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo takataka zenu rudini nazo, na msiokote kombe wala tumbawe.

Halafu ukifika mtoni waambie watoto haya maji yametoka kwao. Mto Pangani unaanzia huko Kilimanjaro na Meru, Kikuletwa na Ruvu vinakutana Nyumba ya Mungu ndo vinashuka mpaka hapo kwetu.

Mama_Pasua
Basi nalala Ushongo siku tatu, nimeshaangalia mwezi mpevu ni lini. Kasa kwanza, Maziwe bahari ikituruhusu.