Naomba ushauri: nachora Tingatinga chumbani, harufu ya rangi imekuwa kero

Wakuu, habari za jioni. Nikitoka kazini huwa nachora picha za mtindo wa Tingatinga chumbani, huku nasikiliza simulizi za kijasusi kwenye simu (za mapenzi zimenishinda, kila sehemu inaishia binti kazimia). Natumia rangi ya mafuta ya kupaka milango, kama alivyofanya mzee Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960, maana inang'aa na bei yake si kubwa.

Sasa inachelewa kukauka, vumbi linanata juu ya twiga wangu, na harufu ya tina (ile ya kuyeyushia rangi) imemchosha mama watoto. Mtoto wetu mdogo naye ana shida ya kifua, hapo hata mimi sina la kujitetea. Uani siwezi, ni pa wapangaji wote, na kuku wa jirani hawana adabu.

Nimejaribu akriliki, rangi inayochanganywa na maji: inakauka haraka mno, kuchanganya rangi za machweo ni kazi, na inafubaa. Wenye uzoefu, nikiipaka vanishi ya maji mng'ao utarudi? Wateja huwa wanauliza umetumia rangi ya aina gani? Au nitafute wa kuchangia naye kibanda cha kuchorea? Bajeti yangu ni ndogo, msinicheke.