Clash of the Titans: ya 1981 au ya 2010, niwaanzishie wapwa zangu na ipi?

Habari zenu wakuu. Jumamosi nabaki na wapwa zangu wawili, miaka 11 na 14, wamekolea hadithi za miungu ya Kigiriki. Muvi zote mbili ninazo. Dada yangu anasema niwawekee ya 2010 tu, ya zamani watasinzia. Mimi ya 1981 naipenda mno na natamani nao waipende. Nianze na ipi?

Mpenda Kanda: Anza na ya 1981. Waambie mapema kwamba yale madude, fundi Ray Harryhausen aliyachezesha kwa mikono: anasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena, na sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Ndiyo ilikuwa filamu yake ya mwisho. Mtoto akishajua hivyo, ule mwendo wa kukatakata anautazama kwa makini. Halafu wafikishe kwa Medusa, yule mwenye nywele za nyoka, ukimtazama unageuka jiwe. Hekalu lina giza, mwanga wa moto unacheza ukutani, yule mwanamke anajikokota kwa mikono, upinde anao, mkia unalia kama njuga. Perseus, shujaa wetu, kajibanza nyuma ya nguzo, jasho linamtiririka, anamvizia kupitia taswira yake kwenye ngao. Medusa wa 2010 ni wa kompyuta, ana kasi mno, hofu haipati muda wa kukuingia.

Mama Wawili: Naunga mkono, ila uwe mwangalifu. Ya 1981 mama yake Perseus anaonekana bila nguo mwanzoni, na baadaye Andromeda, binti mfalme, akitoka kuoga. Ni sehemu fupi. Ipitie kwanza peke yako, ukae na rimoti mkononi. Ya 2010 vurugu zimezidi. Marekani waliipa PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu zaidi kwa walio chini ya miaka 13; ya zamani PG, onyo jepesi zaidi.

Kijana wa Ilala: Jamani, ya 2010 msiionee. Pambano la nge wakubwa jangwani ni safi sana. Na Perseus wa Sam Worthington ana uchungu unaoeleweka: Hades, mungu wa kuzimu, kaiua familia iliyomlea. Yule wa zamani anampigania Andromeda kwa mapenzi. Huyo wa miaka 14 ataishika hasira upesi zaidi. Ila ikimbie ya 3D. Waliipiga kawaida, wakaja kuigeuza baada ya muvi ya 3D ya Avatar kushika soko, na inaonekana. Pia waambie Kraken, lile dude la baharini, si wa Ugiriki, katoka hadithi za Skandinavia, wasije wakamwandika kwenye mtihani.

Mpenda Kanda: Nge nakubali. Lakini muvi ya zamani nge wanaota kwenye damu ya Medusa, mpya kwenye damu ya Calibos, yule adui aliyegeuzwa dude. Waulize wapwa ipi imewakaa. Na kuna Bubo, bundi wa chuma: 1981 ni mhusika kamili, 2010 Perseus anamwokota tu kwenye sanduku, anaambiwa amwache. Asiyeona ya kwanza hapo haambulii kitu.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Ya 1981 Jumamosi, ya 2010 Jumapili, bila 3D. Manukuu ya Kiswahili sina, na mdogo Kiingereza bado kinamsumbua.

Mama Wawili: Mkalishe karibu yako. Mtafsirie ugomvi wa Zeus, mkuu wa miungu, na mungu wa kike Thetis kuhusu Calibos, mwanawe Thetis, maana hapo ndipo kisa chote kinapoanzia. Kwa Medusa hatahitaji mkalimani.