Binti achague PCM, PCB au CBG? Anataka kutafiti korosho

Mkulima wa Kitangari

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa korosho, Kitangari, wilaya ya Newala. Naandika kwa simu ya binti yangu, naye amekaa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Huyu ni mtoto wangu wa tatu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, amepata A ya kemia, B ya fizikia, B ya baiolojia na B ya hesabu. Alipokuwa shuleni alijaza PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia kwa kidato cha tano na sita, kwa sababu kila anayefanya vizuri sayansi huambiwa ajaze PCB awe daktari. Sasa dirisha la kubadili machaguo limefunguliwa, na yeye anasema udaktari hautaki, anataka utafiti. Nikamuuliza, utafiti wa nini mwanangu? Akanishika kiganja, akakigeuza.

Nieleze kidogo. Kabla sijarudi shamba nilibangua korosho kiwandani miaka minne, kwa mkono. Asubuhi tulipaka majivu na mafuta ya nyonyo vidoleni, lakini ikifika saa sita majivu yameshatoka na mafuta ya ganda yameshaingia. Ngozi inakuwa nyeusi, inakauka, kisha inabanduka vipande vipande. Hadi leo alama za vidole vyangu hazisomeki vizuri. Siku ya kusajili laini ya simu nilirudia kuweka kidole zaidi ya mara kumi, watu nyuma yangu wanasubiri.

Basi mtoto ananiuliza: "Baba, mafuta yaliyokuchoma ni kitu gani? Na mbona hayaichomi korosho iliyo ndani ya ganda hilohilo?" Nimekula korosho tangu utoto wangu na sikuwahi kujiuliza.

Kaka yake anasema hilo ni swali la kemia. Mwalimu jirani yetu anasema mkorosho ni mmea, hivyo ni baiolojia na kilimo, ajaze CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Shemeji yangu anasema tatizo la mikono dawa yake ni mashine, asome uhandisi, ajaze PCM (fizikia, kemia na hesabu). Wote watatu nawaheshimu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: hizi ni njia tatu zisizokutana? Akikosea wiki hii, ndiyo amekosea maisha?

Mwana Masasi

Shikamoo mzee wangu. Mimi nitasema kama mzazi mwenzako. Muache na PCB yake. Nina mdogo wangu amesoma sayansi chuo, mwaka wa tatu huu yuko nyumbani anauza vocha. Ukisema daktari au nesi, kila mtu anajua ni kazi gani. Ukisema mtafiti, hata mwajiri inabidi umweleze. Moyo wa mtoto ni kitu kizuri lakini ada inatoka kwenye korosho zako.

Maabara Mtwara

Shikamoo baba. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa Nachingwea, na nimefanya kazi ya maabara huku Mtwara kwa miaka kumi na moja, sehemu kubwa kwenye sampuli za korosho na udongo wa mashamba ya korosho. Swali la binti yako limenikalisha chini usiku huu, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nianze na mafuta. Chukua ganda la korosho ulikate kwa kisu, ukiwa umevaa glavu. Utaona si ganda moja. Kuna ngozi ya nje, kuna ngozi ya ndani iliyo ngumu, na katikati yao kuna vishimo vishimo kama sega la nyuki. Mafuta yanakaa humo kwenye sega. Ngozi ngumu ya ndani ndiyo inayoikinga korosho, kisha korosho yenyewe ina kile kiganda chembamba chekundu. Ndiyo maana haichomwi: iko chumba cha pili na mlango umefungwa. Wewe ulikuwa unauvunja huo mlango mara elfu kwa siku, mafuta yakakuta vidole.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinaitwa asidi ya anakadiki. Pamoja nayo kuna kadoli na kadanoli. Zote ni kemikali za jamii iitwayo fenoli, zenye mkia mrefu wa mafuta, na huo mkia ndio unaozisaidia kupenya ngozi. Mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja, na ndiyo maana wapo watu wanaotoka vipele mdomoni wakimenya embe kwa meno. Mti hautengenezi mafuta haya kwa ajili ya kututesa sisi. Unailinda mbegu yake na wadudu na kuvu.

Sasa baba, sikiliza hapa. Ganda likikaangwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, ile asidi inatoa hewa ukaa na kubaki kadanoli. Na kadanoli ni mali. Inatengenezewa rangi zinazokinga chuma dhidi ya kutu, inatengenezewa gundi ngumu, na inatengenezewa unga unaochanganywa kwenye breki za magari. Gari linaloteremka mlima likasimama salama, huenda ndani ya breki zake kuna ganda la mkorosho. Sisi tunauza korosho ghafi na ganda lake, meli inaondoka na vyote. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Hadi hapo kaka yake yuko sahihi, ni kemia. Lakini mwalimu jirani naye hajakosea. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba mbali, bei ilikuwa mbaya, na ubwiriunga ukaingia. Ubwiriunga ni kuvu, na kuvu huyu anapenda kilicho kichanga, majani mapya na maua. Ua likishapata unga mweupe halizai. Dawa tuliyoizoea ni salfa ya unga, na wewe mwenyewe unajua tunaipuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado kwenye majani. Salfa haimponyi aliyekwisha kuugua, inakinga tu. Ukichelewa wiki mbili umepuliza hela.

Lakini kuna jambo nililokuwa silijui mpaka nilipoanza kupima udongo. Salfa inayodondoka chini haikai ikiwa salfa. Kuna bakteria wa udongo wanaoila, na wanachokitoa ni asidi ya salfa. Msimu baada ya msimu udongo wetu wa kichanga unazidi kuwa mchachu. Umeona hapo? Ugonjwa ni wa baiolojia, dawa ni ya kemia, halafu dawa inaangukia mikononi mwa bakteria na tunarudi kwenye baiolojia. Na ile mashine ya mgongoni inayopuliza unga ukafika kilele cha mkorosho wa mita kumi, huo ni uhandisi.

Shemeji wa mashine naye, maskini, ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Punje za mahindi zinakaribiana ukubwa na umbo, korosho hazikaribiani. Kila moja ina mgongo wake na tumbo lake. Kisu kikiingia kidogo, ganda halifunguki. Kikizidi, korosho inapasuka, na korosho iliyopasuka bei yake inashuka. Daraja la W320 maana yake ni korosho nzima kati ya 300 na 320 kwenye ratili moja, yaani kama gramu 454. Ukizipasua hakuna anayekuhesabia hivyo. Mvuke kwanza, ganda lilegee. Kisha kuzipanga kwa ukubwa. Kisha visu viwili vilivyopinda. Anayeitengeneza mashine hiyo asipojua sega la mafuta liko wapi na ngozi ya ndani inakuwa ngumu kiasi gani ikipata mvuke, atatengeneza chuma kizuri cha kuponda korosho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Atazame herufi za tahasusi, yaani hayo makundi ya masomo matatu. C ipo kwenye PCM, ipo kwenye PCB, ipo kwenye CBG. Kemia haimpotei popote. Kinachopotea ni kingine: akienda PCB au CBG bila hesabu za juu, milango mingi ya uhandisi inafungwa. Akienda PCM bila baiolojia, kozi nyingi za viumbe zinafungwa. Mimi nilisoma CBG na hadi leo mashine za maabara zikiharibika nasubiri fundi kutoka mbali, natamani ningejua fizikia zaidi.

Yupo mama mmoja Mmarekani, Frances Arnold. Shahada yake ya kwanza, mwaka 1979, ilikuwa uhandisi wa mitambo na anga. Akafanya kazi za nishati ya jua. Udaktari wake wa falsafa (PhD) ukawa wa uhandisi wa kemikali. Kisha akaingia kwenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi ndani ya viumbe: anavibadilisha kwa bahati nasibu, anachagua vinavyofanya kazi vizuri zaidi, anavibadilisha tena, kama mkulima anavyochagua mbegu msimu hadi msimu. Mwaka 2018 akapewa Nobeli ya kemia. Mhandisi, kazi ya baiolojia, tuzo ya kemia. Mwambie binti asome habari zake.

Na Mwana Masasi, mdogo wako nampa pole kwa dhati. Ajira ni ngumu na sitaki kumdanganya mzee hapa. Lakini hata PCB si wote wanaopata nafasi ya udaktari, na wengi wanaoikosa hawana mpango wa pili.

Fundi Mikindani

Dada Maabara umenikumbusha kitu. Mimi ni fundi wa kuchomelea mabomba, nimepita kwenye kazi za gesi upande wa Msimbati na Madimba. Nilipoingia nilidhani bomba ni chuma na chuma ni fizikia, basi. Kwenye mafunzo ya kutu mwalimu akatuonyesha picha ya kipande cha bomba lililotobolewa na bakteria! Wanaishi pasipo oksijeni, wanakula salfeti, wanatoa ile gesi inayonuka yai viza, na gesi hiyo inakula chuma. Sijawahi kukutana nayo kazini kwangu, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sipuuzi maji yaliyotuama ndani ya bomba. Gesi asilia yenyewe lazima ikaushwe kabla ya kuanza safari ya Dar, kwa sababu maji na gesi vikikutana kwenye shinikizo kubwa na baridi vinaganda kama barafu na kuziba njia.

Mzee, mimi ningesema PCM. Baiolojia nimeikuta kazini nikiwa na miaka thelathini na nikaielewa. Hesabu ukizikimbia ukiwa na kumi na saba, kuzirudia baadaye ni kazi.

Nesi wa Newala

Shikamoo baba, mimi ni jirani yako kabisa. Naongeza moja tu kwa sababu ni letu. Homa ya chikungunya mnayoisikia hadi Brazil na India ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Jina lenyewe ni Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Wakati ule huku juu hakukuwa na maji. Udongo wa kichanga unayanywa yote. Bibi yangu alikuwa akishuka bondeni usiku na kupanda na mtungi kichwani, na maji yakifika nyumbani yanatunzwa siku nyingi. Mbu wa ugonjwa huu ndiyo makazi yake, maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na anauma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Kirusi kiligunduliwa na watu wa baiolojia. Lakini ukiniuliza mimi ninayepokea wagonjwa wa homa, naomba bomba la maji lisilokatika, ili mama asilazimike kuweka madumu sita wazi uani. Huyo ninayemwomba ni mhandisi.

Mkulima wa Kitangari

Marahaba wanangu. Nimesoma yote, nimesomewa tena na mama yake akiwepo.

Mwana Masasi, maneno yako sijayatupa. Nimemwambia binti kwamba gharama za miaka miwili ya kidato cha tano na sita ninazo, baada ya hapo ni yeye na mkopo na Mungu. Amekubali.

Jana amekata ganda kama Maabara Mtwara alivyosema. Glavu hatuna, alivaa mifuko miwili ya nailoni. Amelichora lile sega kwa penseli kwenye daftari la zamani, ameandika sehemu zote, na pembeni ameandika ukubwa kwa milimita kwa kutumia rula. Nimemtazama akipima ganda moja moja, maganda ishirini, hakuna aliyemtuma. Anasema hakuna mawili yaliyolingana.

Kesho asubuhi tunapanda gari kwenda Newala mjini kubadili machaguo. Ya kwanza PCM, ya pili PCB. Baiolojia anasema atasoma vitabu vya kaka yake.

Amenituma swali kwa Maabara Mtwara. Anauliza: ganda likikamuliwa bila moto, ile asidi inabaki ilivyo, au nayo inageuka?

Maabara Mtwara

Mwambie inabaki, sehemu kubwa. Joto ndilo linaloitoa ile hewa ukaa, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa baridi yanakuwa na asidi nyingi, na yaliyokaangwa yanakuwa na kadanoli nyingi. Ni ganda lilelile, mafuta mawili tofauti, na kila moja lina mnunuzi wake.

Asijaribu kukaanga maganda jikoni, baba, tafadhali. Moshi wake unawasha macho na ngozi, na yanalipuka moto upesi. Vile vipimo vya maganda ishirini asivitupe. Afanye mia moja, ayapange kuanzia dogo hadi kubwa, achore grafu. Akimaliza anitumie picha hapa.