Mjadala: Je, bendi ya roki nzito ya progresivu inafaa kufunga jukwaa kuu la tamasha?

Mleta mada:
Wadau, hoja hii haipoi. Download, tamasha la roki linalofanyika Donington Park, Uingereza, limewapa Tool, bendi ya Marekani ya roki nzito ya progresivu (nyimbo ndefu zenye mapigo yanayobadilika-badilika), nafasi ya kufunga siku mwaka 2006 na tena 2019. Mwaka 2025 vinara, yaani bendi zinazofunga siku, walikuwa Green Day, Sleep Token na Korn, na jina la katikati ndilo lililozua ubishi.

Msimamo wangu ni kwamba bendi za aina hii hazifai. Shabiki wa safu ya mbele atafurahi, sikatai. Lakini nafasi ya mwisho ni ya uwanja mzima, akiwemo aliye mita 150 nyuma ambaye miguu imeshachoka tangu saa nane mchana. Chukueni albamu ya Tool ya 2019, Fear Inoculum: ina nyimbo 6 zinazozidi dakika 10 kila mmoja. Ukizipiga hizo tu, dakika 70 na ushee zimekwisha. Kinara akipewa dakika 90, mgeni wa muziki huo anapata nyimbo 8 au 9 jioni nzima, na nyingine hazina kiitikio cha kudaka. Bendi ya nyimbo za dakika 4 inampa nafasi 20 za kupata wimbo anaoujua.

Mpanga ratiba:
Mkuu, naomba tutofautiane. Unahesabu nyimbo kana kwamba watu wanalipia idadi. Tamasha la Coachella la Marekani, lile la kwanza kabisa, Oktoba 1999, Tool walikuwa vinara pamoja na Beck na Rage Against the Machine. Wakaitwa tena 2006 pamoja na Depeche Mode. Bonnaroo 2007 walikuwa juu kwenye bango na The Police, na Lollapalooza ya Chicago ikawapa nafasi hiyo 2009. Hayo yote ni matamasha mchanganyiko, hayana uhusiano na hevi metali peke yake. Waandaaji wanaotafuta faida hawarudii kosa lilelile kwa miaka kumi.

Kinachouza tiketi hapo ni uhaba. Kati ya albamu ya 2006 na ile ya 2019 ilipita miaka 13. Bendi ya namna hiyo ikitajwa, shabiki wake anafunga safari, na anafika mapema.

Halafu watu husema mapigo ya muziki huu si ya kawaida, hayafuatiki; hilo linakuzwa mno. Wimbo wa Money wa Pink Floyd unakwenda kwa mapigo 7 kila mzunguko badala ya 4 yaliyozoeleka, na dunia nzima inautikisia kichwa bila kuhesabu. Ugumu wa muziki hauko kwenye hesabu yake. Uko pale ambapo hakuna mstari wa besi wa kushika.

Fundi mitambo:
Ndugu zangu, mnabishania ladha wakati tatizo kubwa liko hewani.

Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Aliye mita 100 kutoka jukwaani anasikia pigo likiwa limechelewa karibu milisekunde 290. Ndiyo maana tunasimamisha minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa kompyuta ili ilingane na spika za mbele. Sasa angalieni. Mnara uko mita 80, umepimwa alasiri kwenye nyuzi 25: unahitaji milisekunde 231. Usiku joto likishuka hadi 12, sauti inapungua mwendo na umbali ule ule unahitaji 236. Tofauti ya milisekunde 5 inaonekana ndogo, lakini inatosha kuharibu sauti za kati na za juu kwa watu wanaosikia spika za mbele na mnara kwa pamoja. Sauti hizo mbili zinafutana. Gitaa linakuwa kama linatoka ndani ya bomba.

Kwa muziki wa kiitikio na makofi, umati unasamehe. Kwa roki ya progresivu hausamehe, kwa sababu utamu wenyewe ni vyombo kupishana kwa makusudi. Dramu mbili za mguu zikienda mapigo 12 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 83 tu. Uzito wa pigo unatoka spika za besi kule mbele, mguso wa nyundo inayopiga dramu unatoka mnara ulio jirani nawe. Mnara ukikosewa kwa milisekunde 40, mguso unadondoka nusu ya njia kati ya mapigo mawili, na msikilizaji anasikia ngurumo badala ya mdundo. Atasema bendi ni ya kelele, kumbe ni mitambo.

Dawa inajulikana: pima joto na upepo saa moja kabla ya kinara kupanda, rekebisha minara yote, kisha mtu atembee uwanjani na redio ya mkononi. Usiridhike na kusimama kwenye meza ya kuchanganyia sauti.

Mleta mada:
Fundi, hapo si umeniunga mkono? Kama muziki unahitaji uangalizi wote huo, basi nyumba yake ni ukumbi wenye paa.

Fundi mitambo:
Hapana mkuu. Nimesema unahitaji kazi, na kinara ndiye pekee anayepata muda wa kazi hiyo. Ukiipandisha bendi hiyo saa kumi jioni kwa mapumziko ya dakika 20 ya kubadilisha vyombo, hapo ndipo unaiua.

Niongeze jambo la majirani, maana ndilo linalomaliza usiku vibaya. Mwongozo wa Uingereza wa 1995 kuhusu kelele za matamasha uliweka desibeli 65 kwa wastani wa dakika 15 kwenye nyumba za karibu, kwa uwanja wa wazi wenye siku zisizozidi 3 za muziki kwa mwaka. Kipimo hicho kinafuata sikio, hivyo sauti nzito ya hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde) inahesabiwa pungufu kwa desibeli 26. Gitaa la besi lililolegezwa hadi noti ya D liko karibu hezi 37, chini zaidi ya hapo. Kipima sauti kinaweza kusoma salama huku madirisha ya kijiji yanatetemeka, simu zinapigwa, na ofisa anakuja mezani kuagiza ushushe. Fundi asiye na subira anashusha kila kitu desibeli 3, na sauti ya mwimbaji inazama. Bora kupunguza gitaa kati ya hezi 100 na 250, pale linapogombana na besi, na kugeuza baadhi ya spika za besi zielekee nyuma zikiwa zimecheleweshwa na kupinduliwa, ili zifute ngurumo inayokwenda upande wa makazi.

Fundi taa:
Mimi nina wasiwasi mwingine, na naona hamjaugusa. Bendi hizi zinategemea picha. Maynard James Keenan, mwimbaji wa Tool, husimama nyuma, kando ya dramu, mara nyingi gizani. Skrini ndiyo inayobeba macho ya watu. Download hufanyika katikati ya Juni, na katikati ya Uingereza jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Kinara akianza saa tatu kamili, nusu saa ya kwanza leza hazionekani kabisa na michoro ya giza inageuka kijivu. Aliye nyuma anaona skrini iliyofifia na hamwoni mwimbaji. Huyo ndiye anayeondoka. Kwa hiyo dakika 30 za mwanzo wekeni kamera kwenye mikono ya wapigaji, na michoro isubiri giza.

Mpiga dramu:
Dada Fundi taa amesema kweli. Sleep Token wao wamepita njia nyingine: barakoa, hawazungumzi na umati, lakini nyimbo zina sehemu za kuimba ambazo hata mgeni anazidaka. Ukimya wao unageuka maonyesho.

Kwa upande wa vyombo, seti ya dramu yenye tomtom (dramu za kati) 6 na pedi za umeme inaweza kula maiki na nyaya 20 au zaidi. Ifungwe juu ya jukwaa la magurudumu tangu asubuhi, isukumwe ikiwa tayari. Kosa ninaloliona likirudiwa ni vizuizi vya maiki (vinavyofunga maiki sauti ikiwa ndogo) kuachwa na vipimo vya bendi iliyotangulia: mapigo laini ya tomtom yanamezwa, na kipande cha dakika 3 kilichojengwa juu ya mapigo hayo kinabaki kimya.

Mleta mada:
Nimekubali la mitambo na la mwanga. La umati nabaki nalo. Dakika 12 za wimbo mmoja bila neno kwa watu ni ndefu kwa aliyechoka.

Msimamizi wa jukwaa:
Basi tuzungumze saa. Wimbo wa dakika 13 hauwezi kukatwa katikati, hasa kama taa na picha zinaendeshwa kwa pamoja na saa ya kompyuta. Bendi ikichelewa dakika 8 kupanda, bendi ya nyimbo za dakika 4 inaacha nyimbo 2. Hawa wanaacha mmoja mzima au wanapitisha muda wa leseni. Orodha iandikwe na muda wa kila wimbo, na chaguo la kuacha liwekwe kwenye dakika ya 60, si kabla ya wimbo wa mwisho. Mapumziko ya kutoka jukwaani na kuitwa tena na umati yafutwe. Hata kwa mgeni wa mleta mada inasaidia, maana wimbo unaoachwa dakika ya 60 uwe ule mrefu usio na kiitikio.